Punguza vilabu, tafuta wagonjwa: jibu kwa anayejiandaa kuomba shule ya udaktari Marekani

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa 2 chuoni huku Marekani, masomo unayamudu, uko kwenye vilabu 7, na unauliza uongeze shughuli gani ili maombi yako ya shule ya udaktari yawe na nguvu. Mimi nakuomba usiongeze kitu. Bakiza vilabu 2 unavyovipenda kweli, na muda utakaopatikana upeleke mahali pamoja penye wagonjwa. Kaa hapo muda mrefu, mpaka ifike siku usipotokea mtu aulize uko wapi.

Nasema hivyo kwa sababu niliomba mara 2. Mara ya kwanza nilipeleka maombi shule 18 na sikuitwa kwenye usaili hata mmoja. Mara ya pili nilipata nafasi, na alama zangu za MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni namna nilivyotumia miezi ya katikati.

Uijue kwanza fomu yenyewe, maana wengi wanaiona kwa mara ya kwanza wakiwa wamebakiwa na wiki chache. AMCAS, mfumo wa kuomba shule nyingi zinazotoa shahada ya udaktari ya MD, unakupa nafasi 15 za shughuli. Kila shughuli ina herufi 700 za maelezo, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Kati ya hizo 15 unaruhusiwa kuchagua 3 zilizokugusa zaidi, na kila moja ya hizo unaongezewa herufi 1325. Hakuna anayekulazimisha kujaza zote 15. Mimi nilizijaza zote kwa sababu niliona vibaya kuacha pengo. Nilipoipitia fomu ile baadaye nikakuta shughuli 11 zilikuwa na chini ya saa 30 kila moja. Msomaji anayepitia mamia ya fomu huliona hilo kwa kutupa jicho tu: huyu alionja kila sufuria, hakula mahali.

Shughuli yangu kubwa wakati ule ilikuwa kujitolea hospitalini, kila Jumapili kwa mwaka mzima. Nilipanga glavu kwenye makabati, nilikunja mashuka, nilipeleka chupa za damu maabara. Ni kazi za heshima na hospitali inazihitaji. Lakini mwaka ulipoisha sikuwa na mgonjwa hata mmoja niliyeongea naye zaidi ya dakika 5. Niliandika kwenye fomu kwamba nimejifunza huruma. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejifunza glavu za saizi ya kati huisha mapema.

Jambo lililonigeuza lilitokea baadaye, Jumapili moja nikiwa na blanketi mikononi. Muuguzi alisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu, akaniita haraka chumbani. Kulikuwa na mama mtu mzima, mkimbizi kutoka Kongo aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku (mambo mengine madogo nimeyabadilisha asitambulike). Alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani na insulini. Muuguzi akasema kwa Kiingereza: saa 8 asubuhi, kabla ya kula. Nami, kwa haraka na kwa furaha ya kuonekana wa maana, nikamwambia mama: "Utajichoma saa nane, kabla hujala."

Akanitazama. "Saa nane? Sasa mwanangu, mimi nikae na njaa mpaka mchana?"

Hapo ndipo damu iliponiganda. Saa yao ya 8 asubuhi ni saa mbili yetu. Nilikuwa nimempa mgonjwa wa kisukari maagizo ya kujichoma alasiri, na kama angekuwa mtu wa kuogopa kuuliza, angeondoka nayo vilevile. Nilirekebisha, nikamwomba arudie kwa maneno yake, akarudia sawasawa. Kisha nikamwambia muuguzi kwamba mimi si mkalimani na kwamba nusura mgonjwa aondoke na maagizo yasiyo sahihi. Wakampigia mkalimani wa simu, maelezo yakaanza upya tangu mwanzo.

Msimamizi wa watu wa kujitolea alinionya siku hiyohiyo, na alikuwa na haki. Sheria ya afya ya mwaka 2010, kifungu cha 1557, inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zitumie wakalimani wenye sifa. Kujua lugha peke yake hakutoshi, na mimi ni ushahidi. Lakini sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa naifikiria sauti ya yule mama, na wangapi kama yeye hawaulizi.

Nikatafuta mafunzo ya ukalimani wa kitabibu. Vyombo vinavyotoa vyeti vya fani hii vinataka angalau saa 40 za mafunzo, na nikazifanya jioni baada ya vipindi. Nilijifunza kusema kwa nafsi ya kwanza, yaani mgonjwa akisema "naumwa" mimi nasema "naumwa", sisemi "anasema anaumwa". Nilijifunza kutoongeza, kutopunguza, na kusimamisha mazungumzo pale neno linaponishinda badala ya kubahatisha. Kisha nikafanya ukalimani mwaka na nusu kwenye kliniki moja ya wakimbizi. Nilikaa na akina mama kwenye vipimo vya ujauzito. Nilikuwa mdomo wa daktari siku aliyompa baba mmoja habari za saratani, na nililia garini baadaye. Kwenye usaili wa mara ya pili karibu kila mtu aliniuliza juu ya hilo, na sikuhitaji kukariri jibu.

Sikuambii ukawe mkalimani. Angalia ile njia: jambo moja lilinitokea, likanisumbua, nikaenda kujifunza, nikabaki. Wanaosoma maombi wanatafuta mtu wa namna hiyo, kwa sababu udaktari wenyewe ni kubaki na watu baada ya jambo kuharibika.

Sasa mahali pa kwenda. Naweka mbele sehemu mbili ambazo wanafunzi wengi wanazipita. Ya kwanza ni vituo vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Kwa kawaida mgonjwa anakuja mara 3 kwa wiki na kukaa kwenye mashine kama saa 4. Ukienda siku ileile kila wiki utawakuta watu walewale, mtajuana majina, utajua nani amepungukiwa hamu ya kula na nani mwanawe kahama. Ya pili ni hospisi, huduma ya watu walio karibu kufariki. Kanuni za Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, zinazitaka hospisi zitumie watu wa kujitolea kwa kiasi kisichopungua asilimia 5 ya saa za kuhudumia wagonjwa, kwa hiyo wanatafuta watu muda wote na wanakufundisha wenyewe. Kazi yenyewe mara nyingi ni kukaa tu: kumshika mkono, kumsomea, kumwachia mkewe nafasi akaoge. Nenda kama moyo wako uko tayari, na usiende kama umefiwa hivi karibuni.

Kama unahitaji pesa, na wengi wetu tunahitaji, tafuta kazi ya malipo yenye wagonjwa. Usaidizi wa wauguzi, wanaouita CNA, unahitaji mafunzo ya saa 75 kwa kiwango cha chini cha serikali kuu, ingawa majimbo mengine yanadai zaidi. Utaogesha, utageuza, utalisha watu. Sijui kazi nyingine inayomfundisha mtu haraka hivyo kama anautaka udaktari au anautamani tu kwa mbali. Kama una viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, usiguse kazi ya malipo nje ya chuo bila kuthibitisha kibali kwenye ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Na kwa wewe wa F-1, angalia mapema shule zipi zinapokea wanafunzi wasio raia wala wakaazi wa kudumu, maana nyingi hazipokei.

Kumfuata daktari kazini na kutazama kunahitajika, lakini usikugeuze kuwa kazi ya maisha. Saa 40 au 50, madaktari wa fani 2 au 3, na mmoja awe wa afya ya msingi, kwangu zinatosha. Unatazama tu, hufanyi kitu.

Utafiti ufanye kama unaupenda au unalenga shule zinazojulikana kwa utafiti. Mwaka mzima kwenye maabara moja, ukijua swali linalotafutiwa jibu na kwa nini jaribio la mwezi wa tatu lilishindikana, una uzito kuliko jina lako kuwekwa la nane kwenye makala usiyoweza kuieleza.

Kuna jambo moja linanikera, niseme. Likizo vijana wanarudi nyumbani Afrika, mjomba ana zahanati, wanaachiwa washone jeraha au wamzalishe mama, halafu wanaliandika kama fahari. Tafadhali usifanye. AAMC wenyewe, yaani chama cha shule za udaktari Marekani kinachoendesha AMCAS, wametoa mwongozo unaowataka wanafunzi wakiwa nje ya nchi wasifanye wasichoruhusiwa kufanya Marekani. Kamati ikisoma umeshona mtu bila mafunzo haioni ujasiri, inaona mtu aliyemjaribia mgonjwa maskini mikono yake. Na yule mgonjwa ni shangazi wa mtu. Nenda zahanati kwa mjomba, kaa mapokezi, andikisha watu, tazama, uliza.

Upande mwingine kuna jambo ambalo watu wetu wanalificha bila sababu. Kama unalea wadogo zako, kama wewe ndiye unayempeleka bibi kliniki na kujaza makaratasi ya familia nzima, kama unafanya kazi ghalani usiku ili kodi ilipwe, hiyo ni shughuli. Iandike, na saa zake. Rafiki yangu mmoja aliacha miaka 3 ya kumuuguza baba yake aliyepooza nje ya fomu yake kwa sababu aliona ni "mambo ya nyumbani". Nilimsihi aiweke. Akaiweka kati ya zile 3 kubwa, na aliniambia ndiyo aliyoulizwa zaidi.

Kuhusu kuandika. Maelezo yangu ya kwanza, kwa Kiswahili, yalisomeka hivi: "Nilijitolea hospitalini, nikajifunza umuhimu wa huruma na ushirikiano." Ya pili: "Nilitafsiri kati ya wagonjwa kutoka Kongo na madaktari 4, miadi 5 hadi 7 kila Ijumaa. Baada ya kukosea saa ya dawa, nilianza kuhakikisha kila mgonjwa anarudia maagizo kwa maneno yake, na kliniki ikaongeza hatua hiyo kwenye utaratibu wake." Ya pili haina neno huruma.

Ili uweze kuandika namna hiyo, anza daftari leo. Kila ukitoka zamu andika mistari 3: tarehe na saa, ulichofanya, kitu kimoja ulichosikia au kuona. Usiandike majina ya wagonjwa wala chochote cha kuwatambulisha, sheria ya faragha ya HIPAA na heshima yao vinakuzuia. Saa usizitie chumvi, hata kidogo. Fomu hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na kuanza kupokelewa mwishoni mwa mwezi huo, na kumbukumbu ya miaka 2 nyuma haiaminiki wiki ile.

Na kila shughuli itadai mtu wa kuithibitisha, pamoja na simu au barua pepe yake. Muuguzi aliyenisimamia mwaka wa kwanza alikuwa ameshahama kazi nilipomhitaji, nikamtafuta miezi 2. Chukua mawasiliano yake binafsi siku anapokuaga, au siku unapomuaga wewe.

Ukinitajia mji ulioko na siku ulizo huru kwa wiki, nitakusaidia kupanga pa kuanzia.