Kipimo cha sumaku kabla ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo: nilivyopimwa mimi

Dada uliyeuliza kuhusu kaka yako, aliyeambiwa atapimwa kwa sumaku kichwani kabla ya kutolewa uvimbe: kipimo hicho nimepitia, hapa Ujerumani. Kinatafuta sehemu za ubongo zinazoendesha viungo na usemi, ili daktari ajue pa kupita. Uvimbe wangu ulikuwa kushoto, jirani na sehemu inayoendesha mkono wa kulia na usemi.

Kwanza hofu ya "kupigwa shoti" muiondoe. Hupewi nusu kaputi, unakaa kitini ukiwa macho na kuongea. Mbinu hii ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, kwa Anthony Barker na wenzake. Siku hizi inaunganishwa na picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, ya mgonjwa mwenyewe: unavalishwa mkanda wenye vijipira vinavyosomwa na kamera, kompyuta ikajua koili (waya uliozungushwa unaotoa nguvu ya sumaku) iko juu ya mkunjo upi wa ubongo. Koili ina umbo la namba 8. Ikilia "ta!", nguvu ya sumaku inapenya fuvu na kuamsha umeme kidogo chini yake. Mkononi na mguuni wamebandika elektrodi, vibandiko vya kupima umeme wa misuli. Wakipata mahali penyewe panapoendesha mkono, kidole gumba kinaruka bila ruhusa yako. Mimi nilicheka, nikaambiwa nitulie, maana msuli ukikaza majibu yanaharibika.

Upande wa lugha ndio mgumu. Unaonyeshwa picha uzitaje, kwanza bila sumaku, na zile unazosita zinaondolewa. Kisha zinarudiwa huku mapigo yanashuka mfululizo, kwangu 5 kwa sekunde. Ilikuja picha ya ndoo. Ndoo naijua, naiona, lakini mdomo umegoma! Mapigo yalipokoma, neno likatoka. Karibu na panda la uso inauma kidogo, kwa sababu misuli ya taya nayo inakazwa.

Niliomba nipimwe kwa Kiswahili pia, si Kijerumani tu, kwa kuwa mama yangu hajui lugha nyingine. Si lazima lugha mbili zikae mahali pamoja kwenye ubongo. Walikubali, na mke wangu akaketi nao kuangalia video na kuwaonyesha nilipokosea. Kama kaka yako anatumia lugha zaidi ya moja, lisemeni hilo mapema.

Sasa kipimo hiki msikitegemee kupita kiasi. Hakiwaambii kama uvimbe ni saratani, hiyo ni kazi ya maabara. Kwa mkono na mguu, ramani yake inakaribiana sana na ile daktari anayoipata akigusa ubongo wenyewe kwa umeme wakati wa upasuaji. Kwa lugha, kikisema "hapa hapana kitu" kinaaminika kuliko kinaposema "hapa pana lugha". Ndiyo maana mimi bado niliamshwa katikati ya upasuaji nitaje picha upya. Faida niliyoiona ni kwamba daktari aliingia akiwa ameshachagua njia ya kupita, na mimi nilishaambiwa kipi kiko hatarini kabla sijatia sahihi.

Mwambieni daktari kama kaka yako ana chuma chochote kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, au kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Degedege nazo zitajwe zote, hata ndogo za kidole kutetemeka. Uwezekano wa kipimo kuzichochea ni mdogo, ila upo. Dawa za kifafa asiziache kwa uamuzi wake. Aombe vizibo vya masikio, ile koili ina kelele. Nywele hazinyolewi kwa kipimo hiki.