Diski ya USB inastakisha seva

SWALI: Fundi, seva yetu ya Linux hapa Chake Chake kila nikinakili mafaili kwenye diski ya nje ya USB inaganda, hata kibodi haisikii. Nifanyeje?

JIBU: Yakhe, anza na umeme. Poti ya USB 3.0 hutoa miliampia 900 tu, ya 2.0 ni 500, na diski ya kuzunguka ikitaka zaidi inakatika katikati ya kazi, kerneli (kiini cha Linux) inabaki kuingoja, tia habu (kigawa poti za USB) yenye adapta yake ya umeme. Bado? Washa upya, piga journalctl -k -b -1 (kumbukumbu za kerneli za kabla ya kuwasha upya), ukiona uas (njia ya kasi ya kuongea na diski ya USB) na reset mfululizo basi mshukiwa ni chipu ya kasha la diski, namba zake mbili unazipata kwa lsusb, ziweke kwenye amri ya buti (ya kuwashia Linux): usb-storage.quirks=namba:namba:u. Hiyo u inazima uas, spidi itashuka kidogo, si neno. Na waya mrefu wa bei poa, tupa huko!