Nilimwambia mteja "nina digrii", foleni nzima ikacheka

*Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 26, ni keshia kwenye supamaketi moja ndogo hapa Dar es Salaam. Nilimaliza chuo nikapata digrii ya biashara, kazi niliyosomea sijaipata, nikaona bora nijishikize hapa kuliko kukaa nyumbani. Dharau za wateja nimeshazizoea: kurushiwa hela, kuitwa kwa "sss" kama paka, mtu kukuagiza huku anaongea na simu. Kilichonifanya nikuandikie ni kingine.*

*Kuna mama tunasali naye jumuiya moja. Jumamosi asubuhi ananishika mkono na kuniita mwanangu. Akija dukani hanifahamu. Ijumaa jioni, foleni imefika mpaka kwenye friji za soda, alilipa kwa lipa namba, Sh 87,500. Akanionyesha meseji kwenye simu yake, lakini kwetu haikuingia. Nikamwambia, "Mama, naomba usubiri kidogo iingie." Akapandisha sauti: "Unaniona mwizi? Nyie wasichana wa kaunta ndiyo shida yenu, shule mmekimbia halafu mnasumbua watu waliokwenda shule." Anti, likanitoka: "Na mimi nimesoma, nina digrii!" Kaka mmoja huko nyuma akasema, "Digrii ya kupiga risiti?" Watu wakacheka. Meneja akaja, hata hakuuliza. Akamruhusu yule mama aondoke na mzigo, akaniambia nimwombe radhi mbele za watu. Nikaomba, nikaenda kulia stoo. Hela haijaingia mpaka leo, na meneja anasema hiyo ni shoti yangu, nitakatwa mwisho wa mwezi.*

*Siku hiyohiyo wakati narudi nilimtolea konda wa daladala maneno mabaya kwa ajili ya chenji ya mia mbili. Nilimwambia ndiyo maana ameishia kuning'inia mlangoni. Na dada wa kaunta ya pili, ambaye mchana tulikuwa tunakula pamoja, siku hizi ananinunia, sijui nimemkosea nini. Je, nimseme yule mama mbele ya jumuiya? Au niache kazi tu?*

*Wa Kaunta, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nitaanza na hela, maana machozi yanaweza kusubiri lakini mshahara unafungwa mwisho wa mwezi.

Hiyo 87,500 si deni lako. Wewe ulisema mzigo usitoke mpaka malipo yaonekane, aliyeutoa ni meneja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara kwa vile tu amekasirika. Inataka uwe umekubali makato kwa maandishi. Inataka hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako wewe. Mwajiri aandike deni limetokana na nini, ni kiasi gani na amekipataje, akupe nafasi ya kukipinga, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara. Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya kusaini, usiisaini kwa woga au kwa sababu meneja amekusimamia kichwani. Mwambie unaomba uisome kwanza nyumbani.

Halafu na wewe mwandikie meneja barua yako, ukurasa mmoja unatosha. Tarehe, saa, kiasi, kwamba ulimwomba mteja asubiri, kwamba meneja ndiye aliyeruhusu mzigo utoke. Kama duka lina kamera, taja muda ili waangalie. Omba duka liulizie mtandao kuhusu muamala huo. Meneja ampigie mteja simu, amwombe namba ya muamala iliyo kwenye meseji yake, maana inawezekana hela ilikwama ikarudi kwenye simu yake na yeye hana habari. Sisemi yule mama ni tapeli. Lakini meseji za kuchonga zipo mjini, kila keshia na kila wakala anazijua, na ndiyo maana utaratibu unataka usubiri ya kwako iingie, hata anayelipa awe mama yako mzazi. Barua hiyo toa nakala ubaki nayo. Wakikukata pamoja na hayo yote, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, uko wazi, na mgogoro wa namna hii unatakiwa upelekwe ndani ya siku 60. Na kama pale kazini kuna tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO au kingine, anzia huko.

Haya, sasa twende kwenye lile neno lililokutoka.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikifika pale kwenye "nina digrii" nakuonea huruma, kisha nakasirika kidogo. Yule mama alisema wasichana wa kaunta ni watu wa kudharauliwa kwa sababu hawakusoma. Wewe ukamjibu kwamba umesoma. Maana yake nini? Maana yake hukukataa hukumu yake, ulilalamika tu kwamba amekosea mtu. Kama kungekuwa na msichana ambaye kweli alikimbia shule, basi huyo angestahili. Na yule kaka wa nyuma alicheka kwa sababu ulimfungulia mlango mwenyewe: baada ya hapo mjadala ukawa ni thamani ya digrii yako, wakati ulitakiwa uwe ni kwa nini mteja anamtukana mtu aliyemwomba asubiri kidogo.

Unaniuliza dada wa kaunta ya pili ananuna kwa nini. Kaunta ya pili iko umbali gani na ya kwako? Alikusikia. Hukuniambia amesoma mpaka wapi, lakini nabahatisha kidato cha nne, pengine hata hapo hakufika. Mlikuwa mkila ubwabwa na maharage pamoja kila mchana, siku ya kubanwa akakusikia unatangazia foleni nzima kwamba wewe si kama wao. Ungekuwa wewe usingenuna?

Na konda pia. Hilo umeliandika haraka haraka, mstari mmoja, ukapita. Mimi sikupita. "Ndiyo maana umeishia kuning'inia mlangoni" ni maneno yaleyale ya mama wa jumuiya, yamesafiri na wewe kutoka dukani mpaka kwenye daladala, yakabadilisha tu mlengwa. Konda naye ana shoti zake, mwanangu. Siku yake inaanza na mafuta na hesabu ya tajiri, chake ni kinachobaki. Mia mbili ile uliyomtukania huenda kweli hakuwa nayo mfukoni.

Wa umri wangu wanakumbuka dharau ilivyokuwa ikitoka upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni na vitenge vilipokuwa vya kutafuta kwa tochi, muuzaji wa duka la ushirika au wa RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, alikuwa bwana mkubwa. Mwalimu na daktari walipanga foleni tangu alfajiri, wakamwita "ndugu" kwa sauti ya kubembeleza, na yeye akawajibu "imekwisha" bila hata kuinua uso. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 bidhaa zikarudi madukani, na pole pole mwenye kubembelezwa akawa mteja mwenye hela. Mapembe yakavuka kaunta. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema dharau ni kukosa shule, huwa nacheka. Wale wauzaji wa RTC waliotunyanyasa hawakuwa na digrii, na wanaokunyanyasa wewe leo wanazo. Anayenyanyua pua ni yule anayejua mwenzake hawezi kumjibu bila kupoteza kitu, basi.

Hapo ndipo namlaumu meneja wako kuliko hata yule mama. Naamini ukutani kwenu kuna karatasi imeandikwa "Mteja ni mfalme". Sina ugomvi nayo. Ila mteja mmoja akipewa mzigo kwa sababu amepiga kelele, wale wengine kumi waliosimama kimya wanajifunza nini? Meneja angeweza kusema, "Mama samahani kwa usumbufu, tusubiri pamoja hapa pembeni, keshia aendelee na wengine." Hasara isingekuwepo, na wewe usingekwenda kulia stoo. Hilo unaweza kulipendekeza kwenye barua yako, kwa adabu, kama mtu aliyesomea biashara. Hapo ndipo digrii itumike. Pendekeza pia karatasi ibandikwe pale kwenye lipa namba: mzigo unatoka baada ya malipo kuonekana kwetu. Mteja akiisoma ukutani haioni kama tusi kwake yeye binafsi.

Na mambo yakianza kuchemka, jibu liwe fupi na sauti iwe ya chini: "Mama, ikiingia tu nakutoa, ni utaratibu wa kila mtu." Liseme mara moja, mara mbili, ya tatu mwite meneja kabla mteja hajamwita yeye. Meneja akisema toa mzigo, toa, lakini aandike kwenye daftari la kaunta kwamba ameruhusu na asaini. Atakununia. Mwache anune. Hela ikirushwa kaunta, ihesabu kwa sauti, chenji mpe mkononi. Usipigane na kila kidole kinachopigwa, utamaliza nguvu kabla ya saa sita mchana. Matusi ya nguoni, au mtu kukunyanyulia mkono, hayo ni mengine. Lugha ya matusi inayoweza kuleta ugomvi ni kosa chini ya kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, na hilo halina mjadala wa mteja wala mfalme.

Sasa mama wa jumuiya. Mbele ya jumuiya, hapana. Wamama wenzake watamtetea kwa sababu ya umri wake, wewe utaonekana binti asiye na adabu, na jambo lenyewe litazama humo. Na usisubiri zamu yako ya kusoma Neno ukachagua Yakobo sura ya 2, pale mwenye pete ya dhahabu anapopewa kiti kizuri na maskini anaambiwa akae chini. Najua umeshaifikiria.

Fuata Mathayo 18:15, nyinyi wawili tu. Mfuate kwake, siku ambayo hamna ibada wala haraka. Msalimie vizuri, ukae ukikaribishwa, kisha useme: "Mama, Ijumaa ile dukani maneno uliyoniambia yaliniumiza. Nimeona nije kwako mwenyewe kuliko kukusema pembeni." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa kujieleza, wala usitaje chuo. Suala la hela usiligusie, mwachie meneja. Ukiyachanganya, atakurupukia la hela, "kumbe umekuja kunidai", na la maneno halitajibiwa kamwe. Anaweza kukuomba msamaha, anaweza kukuambia hakukutambua. Hilo la pili linaweza hata kuwa kweli: Jumamosi anaona mtoto wa jirani, Ijumaa anaona sare ya duka. Si kisingizio. Lakini ukishamwendea kwake hawezi tena kusema hakujui, na nadhani hilo peke yake litambadilisha zaidi ya msamaha wa mdomoni. Asipobadilika, akija mhudumie kama wengine, na Jumamosi mpe mkono.

Dada wa kaunta ya pili, kesho. Usingoje akuulize. "Siku ile niliposema nina digrii, nilikusema na wewe. Nisamehe." Asipojibu, kaa naye ule hivyohivyo. Konda hutampata, na pengine ni afadhali, ila wa kesho asubuhi utampata.

Kazi usiache mwezi huu. Ukiondoka sasa, hiyo 87,500 wataikata kwenye malipo yako ya mwisho, na hutakuwepo pale kuisemea. Maliza hilo kwanza. Wakati huohuo endelea kutuma maombi, na kwenye wasifu wako usiifiche kaunta: kufunga hesabu ya siku, kutoa Z ripoti, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, kwenye mashine ya risiti ya EFD, na kuoanisha miamala ya simu na mauzo ni kazi ambazo wenzako wengi wa chuo wamezisoma darasani tu. Barua ya meneja iandike leo usiku. Mwezi ukiisha niandikie tena, uniambie mshahara umeingia shilingi ngapi.