Anti, nimechoka kutazama feni ya gesti

Kaniandikia dada mmoja wa Nakuru, mhasibu, ofisi yake imemleta huku Mwanza wiki tatu kukagua hesabu za tawi. Barua ni ndefu, nimeipunguza:

"Anti, Jumatatu hadi Ijumaa niko sawa, kazi ni mingi. Shida ni wikendi. Jumamosi iliyopita nililala hadi saa saba mchana, nikaagiza chipsi kuku chumbani, nikalala tena. Kuketi mahali nikule pekee yangu naona aibu, ni kama kila mtu ananiangalia. Na nikitaka kutoka nakumbuka watoto nimewaachia nyanya yao, sasa mimi huku najipa raha? Bwanangu akipiga simu ananiuliza, mbona kila saa uko kwa kitanda. Sasa nasikia Jumatatu ni sikukuu kwenu, siku tatu mzima! Nitafanya nini?"

Mdogo wangu pole, ila nimecheka kidogo, maana mimi mwenyewe kuna mwaka nilipelekwa Kampala semina, nikapata siku mbili za bure nikajifungia chumbani na tivii, nimerudi nyumbani watu wananiuliza haya Kampala ikoje, nikabaki kuwaambia ina mapazia ya kijani. Mpaka leo wananitania.

Tuanze na watoto. Wako kwa bibi yao (huku usiseme nyanya, utaletewa za kachumbari), wanakula, wanashindwa kulala kwa michezo, sasa wewe kulala na njaa ya chipsi zilizopoa kunawasaidia nini? Hakuna. Wapigie video ukiwa ziwani waone maji, hiyo ndo zawadi, siyo kununa chumbani.

Hiyo aibu ya kula peke yako naielewa zaidi, na dawa yake ni kuanza na mahali ambapo hakuna mtu ana muda wa kukutazama. Jumamosi amka saa kumi na mbili, nenda mwalo wa Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa. Vaa viatu vya kufunika, kuna matope na magamba. Utakuta magunia ya dagaa, hao omena wenu, mengine yanasubiri safari mpaka Kongo, wabeba mizigo wanapiga kelele pisha pisha, na makorongo yamesimama pembeni na vipara vyao kama wazee wa baraza wanasubiri kitu kidondoke. Hapo ukisimama peke yako unaonekana mnunuzi tu. Zunguka, uliza bei, uliza huyu nani yule nani: mbuta ndo sangara, ngege ndo sato. Halafu tafuta mama lishe, kaa kwenye benchi, sema "naomba sato na ugali", hiyo naomba usiisahau, ile "nipatie" yenu huku inasikika kama unadai deni. Sato mzima wa kukaanga anakuja mkia umetoka nje ya sahani, ugali wa muhogo, pilipili pembeni, unanawa unakula kwa mkono. Mtu akishaanza kutoa miba hana tena habari ya nani anamwangalia, we jaribu utaniambia.

Ukishashiba pumzika kidogo, alasiri nenda ofisi ya hifadhi pale Capri Point upande boti ya Saanane, dakika kama kumi tu uko kisiwani. Beba pasipoti maana raia wa Afrika Mashariki hatozwi bei ya wazungu. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyekuwa anaishi pale kabla hakijageuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa kabisa japo ukubwa wake ni kilomita za mraba 2 na ushee tu. Usitegemee tembo. Kuna swala, tumbili, pimbi wamejilaza juani, mijusi yenye vichwa vyekundu na miili ya bluu, na mawe ya kupanda mpaka juu uuone mji wote. Mimi napenda kwenda na karanga na kukaa tu. Ila maji usiingie hata yakikuita, ziwa lina kichocho.

Jumapili lala, fua, sali kama unasali, na ukijisikia panda kivuko cha Kamanga pale karibu na jiwe la Bismarck, vuka, chukua gari mpaka Sengerema halafu urudi kwa lile daraja jipya la Kigongo-Busisi, lilifunguliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 juu ya maji, sisi wenyewe bado tunalipiga picha kama washamba. Toka mapema ili saa kumi na mbili jioni uwe umerudi mjini.

Hiyo Jumatatu ni Sabasaba, na si ile yenu ya maandamano ya 1990, ya kwetu ilianza kwa kuzaliwa chama cha TANU mwaka 1954 na siku hizi ni mambo ya maonesho ya biashara. Ningekuwa wewe ningeenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma kule Kisesa, daladala kisha bodaboda, ila piga simu kwanza uulize kama wamefungua. Padri mmoja wa Kanada ndo alianzisha, kuna ngoma kubwa za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Ukimsalimia mtu asubuhi "mwangaluka" hata bei inashuka, nakwambia. Serengeti achana nayo safari hii, gari la peke yako litamaliza posho yote, labda upate wenzako wa kuchangia.

Mkweo mpelekee dagaa na michembe kidogo (viazi vitamu vya kukausha), lakini dagaa funga mara tatu, kwenye basi la Sirari hutakuwa peke yako na watu wana pua. Na bwana akipiga Jumamosi usiku akakukuta tena kitandani, mwambie magoti yanauma, ulipanda mawe.