Gari inatetemeka kwenye D ukikanyaga breki: usikimbilie kununua gia boksi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya cc 1490, automatiki. Nikisimama gia ikiwa D, mguu kwenye breki, gari zima linatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. Nikiweka N linatulia, na nikikanyaga mafuta kidogo mtetemo unaisha kabisa. Taa ya injini haijawaka. Fundi mmoja wa hapa Makorora anasema gia boksi imechoka, nitafute nyingine. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kwa dalili hizo, hela ya gia boksi iache kwanza mfukoni. Gia boksi iliyochoka ina lugha yake: ukiweka D inachelewa kushika, ukikanyaga mafuta resi (kasi ya mzunguko wa injini) inapanda gari haiendi, au inagonga ikibadili gia. Wewe hujataja hata moja.

Ukiwa kwenye D na umekanyaga breki, injini inasukuma haidroliki (oili ya gia boksi) ndani ya konvata, kiungo kati ya injini na gia boksi, ilhali matairi yamezuiwa. Huo ni mzigo, na kwenye N haupo. Mzigo huo unafanya mambo mawili: unavuta resi chini, na unaipinda injini ielemee mauntini zake, yaani mipira inayoishikilia kwenye bodi. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Injini ikishapata moto, iweke D na AC imezimwa, utazame mshale wa resi. Injini yako hukaa kwenye 700 hivi. Mshale ukiwa umetulia hapo na gari bado linatetemeka, mshitakiwa wa kwanza ni mauntini. Fungua boneti, vuta hendibreki, kanyaga breki mpaka mwisho, kisha peleka gia kutoka N kwenda D, rudi N, halafu R. Mwenzako aangalie akiwa ubavuni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini kusogea kidogo ni kawaida. Ikinyanyuka na kudunda, mpira umekatika. Mtetemo ukiwa mkali D lakini R ukapungua, au kinyume chake, ndiyo hiyo hiyo, maana injini inaelemea upande mwingine.

Mauntini nunua mpya na nzuri. Mpira huzeeka hata gari likiwa limepaki, kwa hiyo ya mtumba unaweza kuifunga leo ukarudi gereji muda si mrefu. Na usikubali fundi ajazie vipande vya tairi au akaze chuma kwa chuma. Injini haitadunda tena, ni kweli, lakini mtetemo wote utahamia kwenye bodi na utajuta.

Mshale wa resi ukishuka chini ya hiyo 700 au ukichezacheza, sasa tunaongelea hewa na moto. Safisha throto bodi (mlango wa hewa ya injini, wenye kisahani kinachofunguka na kufunga) kwa kabu klina, dawa ya kusafishia kabureta, injini ikiwa imezimwa. Masizi yakiganda pembeni ya kile kisahani, hewa ya sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) haitoshi. Kama throto yako ni ya umeme, usisukume kisahani kwa kidole. Baada ya kusafisha resi inaweza kukaa juu kwa muda mpaka kompyuta izoee, usishtuke. Kagua pia mipira midogo ya hewa. Iliyopasuka mara nyingi utaisikia ikifyonza.

Kisha plagi na koili (inayoipa plagi umeme). Taa kutowaka hakumaanishi injini haimisi (silinda kushindwa kuchoma mafuta yake), kwa sababu kumisi kidogo huenda kompyuta haijakuhesabia kosa. Mwombe mwenye mashine ya kupimia kompyuta ya gari aangalie hesabu ya kumisi kwa kila silinda, kama mashine yake inaonyesha. Silinda ya 1 ikiwa na tatizo, hamishia koili yake silinda ya 3. Kosa likihamia 3, koili ndiyo mbovu. Likibaki 1, angalia plagi kisha nozo (inayonyunyizia mafuta). Hakuna haja ya kununua koili nne kwa kubahatisha.

Kwa gari la Tanga ningeongeza waya wa eathi unaotoka kwenye injini kwenda bodi. Hewa ya chumvi inakula viungo vyake, utakuta unga wa kijani kwenye nati. Fungua, piga msasa, kaza. Ni kazi ya dakika chache na fundi wako hatakudai mengi.

Hayo yote yakiwa sawa na bado linatetemeka, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Matokeo ya silinda zote nne yaandike, unitumie pamoja na kilomita za gari.