Maswali ya Wasomaji: Sherlock Holmes Akiwa na Miaka 93

Barua za safari hii karibu zote zinahusu Mr. Holmes, filamu ya mwaka 2015 iliyoongozwa na Bill Condon, ambamo Ian McKellen anamwigiza mpelelezi Sherlock Holmes uzeeni. Ambaye hajaiona aitazame kwanza, maana majibu yanafichua mwisho.

Swali: Nimeitazama mara mbili na bado napotea. Mara yuko mashambani, mara Japani, mara London. Hadithi inakwendaje?

Jibu: Nyakati ni tatu. Wakati wa msingi ni 1947, Sussex, kusini mwa Uingereza. Holmes amestaafu, anafuga nyuki, na anatunzwa na Bi Munro (Laura Linney), mjane wa vita mwenye mtoto wa kiume, Roger (Milo Parker). Wakati wa pili ni safari ya Japani aliyorejea punde tu, ikiwemo Hiroshima iliyoteketea. Wa tatu uko nyuma kiasi cha miaka 30: London, ambako Thomas Kelmot anamwomba Holmes amfuatilie mkewe, Ann. Ukitaka kujua upesi uko wapi, tazama mgongo wa Holmes. Akiwa amenyooka na kuvaa kofia ndefu, hiyo ni London ya kesi ya mwisho.

Kwa maoni yetu, kisengerenyuma (hadithi kurudi wakati uliopita) si tatizo. Kinachowachanganya watazamaji ni kwamba kesi ya Ann inasimuliwa kwa namna tatu: jinsi Watson, rafiki yake Holmes anayeandika kesi zake, alivyoiandika, jinsi sinema ilivyoionyesha (Holmes mwenyewe anakwenda kuitazama), na jinsi Holmes anavyoikumbuka vipande vipande. Iaminini hiyo ya tatu pekee, tena mpaka ifike kwenye mazungumzo ya bustanini. Hapo ndipo inabainika kuwa Ann, mwenye majonzi ya mimba mbili zilizoharibika, hakukusudia kumuua mumewe bali kujiua. Holmes alizisoma dalili zote barabara. Lakini Ann alipomwomba washirikiane upweke wao, akamwambia arudi kwa mume. Ann akajitosa mbele ya treni. Basi mpelelezi na shahidi ni mtu yuleyule, na shahidi anasahau. Ndiyo maana shajara ya Holmes ina nukta: daktari amemwagiza aweke nukta moja kila jina linapomtoka. Kila shajara inapofunguliwa, angalieni nukta zilivyoongezeka.

(Kwa wanaopenda vidokezo: anayemwigiza Holmes ndani ya ile sinema ni Nicholas Rowe, aliyemwigiza Holmes kijana katika filamu ya mwaka 1985.)

Swali: Mimi ni mfugaji nyuki. Roger anakutwa ameumwa vibaya, mama yake anataka kuichoma mizinga, na Holmes anasema si nyuki. Ushahidi ule ni wa kweli au ni wa sinema tu?

Jibu: Ni wa kweli. Mwiba wa nyuki mtenda kazi una vijino vinavyotazama nyuma. Ukiingia kwenye ngozi ya mtu hautoki. Nyuki anapojinasua, mwiba unabaki pamoja na kifuko cha sumu, na misuli yake inaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa hayupo. Mwiba wa nyigu kwa kawaida hutoka salama, kwa hiyo nyigu mmoja huuma mara kadhaa. Mwili wenye alama nyingi bila mwiba hata mmoja unawaelekea nyigu. Waandishi walicheza haki pia: mwanzoni kabisa, ndani ya treni, Holmes anamsahihisha mtoto aliyedhani mdudu wa dirishani ni nyuki, kumbe nyigu. Kesi nzima imewekwa pale, na wengi wetu hupita.

Kosa la Roger ni kumwagia maji kiota cha nyigu ili aokoe nyuki. Kiota kina masega kadhaa yaliyofunikwa kwa tabaka za kitu kama karatasi, ambazo nyigu huzitengeneza kwa kutafuna mbao. Maji ya kumwagilia hayafiki ndani upesi, lakini mtikisiko unafika, na walinzi wanatoka wote. Nyigu wakivamia mizinga, punguzeni mlango ubaki upana wa kupita nyuki mmoja au wawili, zibeni nyufa, na msiache asali au maji ya sukari yamwagike karibu. Kundi dhaifu lenye mlango mpana halijitetei.

Na kwa aliyeumwa na nyuki: toa mwiba mara moja, kwa kucha au chochote kilicho karibu. Kuwahi ni muhimu kuliko namna ya kuutoa. Osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi. Akianza kukosa pumzi, kuvimba uso au koo, au kuzirai, hiyo ni dharura ya hospitali.

Swali: Maziwa ya nyuki na ule mmea alioufuata Japani vinarudisha kumbukumbu?

Jibu: Hakuna ushahidi wa kutosha kwa chochote kati ya hivyo. Maziwa ya nyuki hutoka kwenye tezi za kichwani mwa nyuki walezi na humlisha buu wa malkia muda wote wa kukua kwake. Hilo haliuhusu ubongo wa mzee. Wenye pumu au mzio wawe waangalifu zaidi, kwani yanaweza kuwadhuru vibaya. Filamu yenyewe haidanganyi hapa: Holmes anavitumia vyote na nukta zinazidi.

Swali: Kikundi chetu cha maigizo kina kijana atakayecheza mzee. Ajifunze nini kwa McKellen?

Jibu: McKellen alizaliwa 1939, kwa hiyo alicheza mtu aliyemzidi umri na pia mtu mdogo kuliko yeye. Vipodozi vilisaidia, lakini kazi kubwa iko kwenye mwanzo wa kila tendo. Mzee wake huchelewa kuanza, kisha huendelea vizuri. Waigizaji wachanga hupunguza mwendo wa kila kitu na kutetemesha sauti, na matokeo yake ni kichekesho. Mpeni kijana mguu mmoja wenye maumivu na asiubadilishe. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande mwingine, si upande wa mguu mbovu. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mbovu hutangulia kushuka. Jina likimponyoka mhusika, macho yatafute kwanza, mdomo ungoje.

Swali: Naweza kuandika hadithi yangu ya Holmes bila kuomba ruhusa?

Jibu: Arthur Conan Doyle, mwandishi aliyembuni Holmes, alifariki 1930. Uingereza hakimiliki ya hadithi zake ilikwisha mwishoni mwa 2000. Marekani zilikwisha kwa mafungu, za mwisho zikawa huru tarehe 1 Januari 2023. Filamu hii ilitoka kabla ya hapo, na wasimamizi wa mirathi ya Doyle waliifungulia kesi huko Marekani. Pande zote zikamalizana. Mhusika sasa ni huru. Roger, Bi Munro na Ann sivyo: hao wanatoka kwenye riwaya ya Mitch Cullin ya mwaka 2005, ambamo, tofauti na kwenye filamu, Roger hafiki mwisho akiwa hai.