Kuungama kwa siri kunatosha kama uzushi (fundisho linalopinga imani ya Kanisa) uliufundisha hadharani?

Mkuu umeuliza, katekista aliyefundisha miaka kwamba Yesu hayumo kweli kwenye Ekaristi akienda kuungama kimyakimya, imeisha? Dhambi kwa Mungu inasamehewa akitubu kweli, hapo hakuna shida. Ila wale aliowafundisha wao wanajuaje kabadilika? Padri hawezi kuwaambia, siri ya maungamo haifunguliwi hata kwa kisu shingoni, kwa hiyo lazima aseme mwenyewe kwa mdomo wake, maana kwazo (kitu cha kuwapotosha wengine) kaliweka hadharani.

Halafu kuna adhabu, watu wanaisahau hii. Kanuni 1364 ya sheria za Kanisa Katoliki inasema mzushi anatengwa na Kanisa papo hapo, na kuiondoa adhabu hiyo kwa kawaida ni kazi ya askofu. Padri anaweza kukuondolea kwenye maungamo kama haijatangazwa rasmi na unaumia kukaa na dhambi nzito, lakini anakupa mwezi 1 uwe umeshapeleka suala kwa wakubwa (anaweza kukupelekea yeye bila kutaja jina). Ukiwa kufani, padri yeyote anamaliza.

Mfano wa zamani ni Berengar wa Tours, mwanateolojia wa Ufaransa, kosa lake hilohilo la Ekaristi. Roma 1059 akasomeshwa tamko la kukana mafundisho yake mbele ya maaskofu, vitabu vyake vikaingia motoni, kufika Ufaransa jamaa akaanza upyaaa 😂 Ikabidi aapishwe tena 1079, mbele ya Papa Gregori VII. Kwa hiyo tamko bila toba nalo ni karatasi tu